Kuhamia Leros na watoto: nyumba ikague Februari, si Agosti

*"Sisi ni watu wa Bukavu, tuko Athens mwaka wa nne sasa. Tulipata hifadhi, vibali vyetu vya miaka mitatu tunavyo. Mume wangu ameitwa kazi ya jikoni katika hoteli moja kisiwani Leros, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Oktoba, na wanasema chumba kipo. Anataka tuhame wote na tubaki huko moja kwa moja, maana kodi ya Athens imetushinda. Tuna watoto wawili, wa miaka sita na kumi; mdogo ana pumu. Watu wananitisha: Leros ni kisiwa cha kambi, mweusi akiingia hatoki, hakuna hospitali, baridi inapenya hadi mifupani, chakula chetu hakipo, watu wa huko hawasalimii mgeni. Wengine wanasema kisiwani maisha ni rahisi, twende tu. Nimsikilize nani? Maisha ya kila siku huko yakoje?"*

Mama, waliokutisha wamekosea mengi, na waliokwambia uende tu wamekosea lililo kubwa zaidi. Unawaogopa watu wa kisiwa. Mimi ningeogopa kwanza nyumba mtakayolala mwezi wa Januari, kisha pesa ya kuwafikisha Aprili. Familia nyingi zinazohamia visiwa vya Aegean na kurudi Athens kabla ya mwaka kwisha hazirudishwi na chuki. Zinarudishwa na ukuta uliota ukungu, au na mwenye nyumba aliyeitaka nyumba yake mwezi wa Juni ili aipangishe watalii.

Niliondoe kwanza lile la kwamba ukiingia hutoki. Lina chanzo cha kweli, ila halikuhusu. Baada ya makubaliano ya Umoja wa Ulaya na Uturuki ya Machi 2016, waomba hifadhi waliofika kwa boti na kuandikishwa Lesvos, Chios, Samos, Leros au Kos waliwekewa zuio la kutotoka kisiwani mpaka maombi yao yaamuliwe. Wengi wa jamaa zetu kutoka Kongo walipitia hapo, na hadithi hiyo ndiyo inayozunguka hadi leo. Zuio hilo ni la mwombaji. Wewe umeshapata hifadhi, kibali chako hakina mpaka wa kisiwa, unapanda meli ya Piraeus, bandari ya Athens, siku yoyote unayotaka. Hakikisha tu jina lililo kwenye tiketi linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye kibali, na kibali chenyewe uwe nacho mkononi, si picha kwenye simu. Bandarini polisi wanakagua, na wanaofanana nasi hukaguliwa mara nyingi kuliko wengine. Ukihama, badilisha anwani yako kwenye mfumo wa kodi na uijulishe Idara ya Hifadhi. Barua ya kuhuisha kibali ikienda kwenye anwani ya zamani, utalijua tatizo siku benki itakapofunga akaunti.

Hospitali ipo. Leros ina watu karibu 8,000 tu, lakini ina hospitali ya serikali pale Lakki, jambo ambalo visiwa vingi vya ukubwa huo havina. Ina sehemu ya dharura saa zote. Kisicho na uhakika ni daktari bingwa. Nafasi za visiwani hukaa wazi kwa miezi, na daktari wa watoto aliyekuwapo mwaka jana si lazima awepo mwaka huu. Mgonjwa mzito hupelekwa Rhodes au Athens kwa helikopta au ndege. Kwa hiyo usiulize kama hospitali ipo. Piga simu uulize kama daktari wa watoto yupo sasa hivi, na kama hayupo, watoto wanapelekwa kwa nani.

Kuhusu watu, sitakudanganya kwamba wote watakukumbatia. Ila ujue Leros ni kisiwa kilichozoea kuletewa watu bila kuulizwa. Waitaliano waliitawala tangu 1912, na katika miaka ya 1930 wakaujenga mji wa Lakki kwa ajili ya jeshi lao la majini. Ndiyo maana utaona barabara pana na majengo ya mviringo yasiyofanana na Ugiriki ya kwenye kadi za posta. Visiwa vya eneo lile, Leros kikiwa kimojawapo, viliunganishwa rasmi na Ugiriki mwaka 1948 tu. Mwaka 1957 serikali ikafungua hapo makazi ya wagonjwa wa akili walioletwa kutoka nchi nzima, na kwa miaka mingi ajira ya kisiwa ilitegemea taasisi hiyo. Wakati wa utawala wa kijeshi, 1967 hadi 1974, wafungwa wa kisiasa walishikiliwa Lakki na Partheni. Kisha ikaja kambi ya wakimbizi, na tangu 2021 kituo kipya chenye uzio pale Lepida. Mzee wa Leros anapolalamika juu ya kituo, mara nyingi anailalamikia Athens inayomtwisha kila isichokitaka. Akikuona dukani siku ya kwanza atakudhani umetoka kituoni. Akikuona Novemba ukinunua mkate na kumfuata mtoto shuleni, hesabu yake inabadilika. Majira ya baridi ndiyo kisiwa kinapotambua nani ni mkazi.

Tena hamtakuwa wageni peke yenu. Kuna Waalbania walioanza kuja miaka ya 1990 na ambao leo watoto wao ni mafundi wenye biashara zao. Kuna wanawake wa Bulgaria na Romania wanaowatunza wazee majumbani, wastaafu wa Uingereza na Uholanzi walionunua nyumba za mawe, na Waleros waliorudi kutoka Australia. Hata Afrika wanaijua kuliko unavyodhani. Lile jumba lenye minara pale Alinda lilijengwa na Mlero aliyetajirika Misri. Na kutoka Rhodes, kisiwa kikuu cha eneo lile, Wayahudi wengi walihamia Katanga enzi za Wabelgiji. Baba yake Moïse Katumbi, mwanasiasa wetu wa Kongo, alikuwa mmoja wao. Ukiulizwa unatoka wapi, jibu, kisha muulize naye kama ana ndugu aliyewahi kuishi Afrika. Mazungumzo huendelea yenyewe.

Salamu pale ni kazi ya anayeingia. Ukiingia dukani, zahanati au kwenye basi, wewe ndiye wa kusema *kalimera*, hata kama hakuna aliyekutazama. Baada ya usingizi wa mchana ni *kalispera*. Anayeingia kimya huonekana mkali au mwenye kiburi, na wengi wanaosema "hawasalimii mgeni" waliingia kimya wakisubiri kusalimiwa. Jirani akileta sahani ya chakula, isirudi tupu. Hilo hukuhitaji kufundishwa.

Jambo linaloleta ugomvi kati ya wageni na majirani kuliko dini na rangi ni kelele za mchana. Ugiriki ina saa za utulivu zilizowekwa na sheria: kuanzia Aprili hadi Septemba ni saa 9 alasiri hadi 11:30, na usiku saa 5 hadi saa 1 asubuhi. Kuanzia Oktoba hadi Machi ni saa 9:30 alasiri hadi 11:30, na usiku saa 4 hadi 1:30 asubuhi. Athens kelele za magari humeza kila kitu. Kijijini Platanos, simu ya spika na shangazi wa Bukavu kwenye baraza saa 10 alasiri inasikika nyumba sita. Piga simu ukiwa ndani, dirisha limefungwa, au subiri saa 12 jioni. Maduka nayo yanafuata mwendo huohuo: nje ya msimu wa watalii mengi hufunga saa 8 mchana, hufungua tena jioni siku kadhaa tu za wiki, na Jumapili hufunga kabisa.

Sasa nyumba, na hapa nitakaa kwa sababu ya pumu ya mtoto.

Baridi ya Leros si kali kwa kipimajoto. Mchana wa Januari ni nyuzi 12 hadi 15, usiku mara nyingi nyuzi 8 au 9. Kinachopenya hadi mifupani ni unyevu. Nyumba nyingi ni za mawe au zege tupu, hazina tabaka la kuzuia joto lisitoke, na zilijengwa kwa ajili ya kiangazi. Hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo; ikigusa ukuta wenye nyuzi 10 uwezo huo unashuka hadi gramu 9 na kidogo. Maji yaliyozidi yanabaki ukutani. Familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani, inatoa lita 10 hivi za maji kwa siku. Ndiyo maana ukungu mweusi huanzia kwenye kona ya kaskazini, nyuma ya kabati, na chini ya kitanda kilichosukumwa ukutani, yaani palepale anapolala mtoto. Mbegu zake huruka hewani, na mtoto mwenye pumu anazivuta usiku kucha.

Kosa linalofanywa na karibu kila familia mpya ni kununua hita ya mtungi wa gesi kwa sababu ni ya bei nafuu. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na yote yanaingia chumbani. Chumba kinapata joto kwa saa mbili, kuta zinalowa usiku mzima. Juu ya hayo hutoa gesi za moshi zinazokera mapafu, na chumba kikifungwa kabisa hutoa monoksidi ya kaboni inayoua bila harufu. Kwa nyumba yenye mtoto wa pumu, isiingie mlangoni. Afadhali kiyoyozi cha kisasa kilichowekwa upande wa joto: kinatumia umeme kwa busara na hakiongezi tone la maji. Ongeza mashine ya kukausha hewa, madukani huitwa *afigrantiras*. Kwa nyumba ya vyumba viwili tafuta yenye uwezo wa lita 16 hadi 20 kwa siku. Hutumia wati 200 hadi 300 na bei yake mara nyingi ni kati ya euro 150 na 250. Aina ya kawaida hudhoofika chumba kikiwa chini ya nyuzi 15, kwa hiyo iwashe pamoja na joto, si badala yake. Nunua pia kipimo cha unyevu cha euro 10. Unataka kisome kati ya asilimia 40 na 60. Kikipita 70 siku kadhaa mfululizo, ukungu uko njiani.

Mengine hayana gharama. Fungua madirisha mawili yanayotazamana dakika 10 asubuhi, hata kukiwa na baridi, kisha funga; dirisha lililoachwa wazi kidogo siku nzima hupoza ukuta tu. Kitanda na kabati vikae sentimita 10 kutoka ukutani. Sufuria ichemke na mfuniko. Nguo zianikwe nje au kwenye chumba kimoja chenye mashine, mlango umefungwa. Ukungu ukitokea, ufutwe na mtu mwingine, si mtoto akiwa ndani. Tumia maji ya javeli (klorini ya kufulia) yaliyozimuliwa, madirisha wazi, na usiyachanganye kamwe na siki wala sabuni ya kuondoa chokaa, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Lakini ukungu unaorudi kila baada ya wiki tatu haupigwi na javeli. Hapo ukuta wenyewe ni mgonjwa.

Ukienda kukagua, usisikilize maneno, soma kuta. Madoa meusi konani juu ni mvuke wa ndani, yanatibika kwa hayo niliyosema. Rangi inayobanduka na unga mweupe wa chumvi kwenye nusu mita ya chini ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Hilo si la kutibu wewe, ni la mwenye nyumba, na wengi hawalitibu. Duara la rangi ya chai darini ni paa bapa linalovuja. Fungua kabati, unuse. Na ukikuta rangi mpya kabisa kwenye ukuta mmoja tu, uliza kwa nini huo peke yake. Haya yote yanaonekana Februari na Machi. Agosti kila nyumba ya Aegean ni kavu na nzuri, na ndiyo miezi ambayo watu husaini mikataba.

Kuhusu mkataba: kwa sheria, nyumba inayopangishwa kama makazi makuu ina ulinzi wa miaka mitatu hata kama karatasi imeandikwa mwaka mmoja. Visiwani wenye nyumba wengi hupangisha "Septemba hadi Mei" kwa walimu, kisha huwatoa ili wageni wa kiangazi waingie. Usikubali hilo kwa mdomo. Mkataba uandikishwe kwenye mfumo wa mamlaka ya kodi, nawe uukubali humo kwa namba zako za siri. Bila hivyo huna ushahidi wa makazi kwa shule wala kwa punguzo la nauli la wakazi wa visiwani.

Mtoto mwenyewe. Kabla ya uamuzi wowote, mpeleke kwa daktari anayemtibu sasa Athens, umwambie jina la kisiwa, na uombe mpango ulioandikwa: dawa ya kila siku, dawa ya kufungua kifua, na hatua za kufuata akizidiwa. Uwe na akiba ya dawa ya wiki tatu daima. Upepo ukifika 8 kwa kipimo cha Beaufort, kwa kawaida meli kubwa huzuiwa kutoka bandarini, boti za mwendo kasi huzuiwa mapema zaidi, na zuio la siku mbili tatu si ajabu majira ya baridi. Famasia huishiwa, duka la mboga linabaki na viazi. Wakazi huangalia utabiri wa upepo kabla ya kupanga miadi yoyote ya Athens au Rhodes, nao huenda siku mbili kabla. Ujue pia kwamba kuanzia Machi hadi Mei upepo wa kusini huleta vumbi la Sahara, anga ikageuka njano. Siku hizo mtoto abaki ndani, madirisha yafungwe. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikivutwa ndani, ulimi na ufizi vikiwa na rangi ya kijivu (kwa ngozi yetu tazama humo, midomo hudanganya), au dawa ya kufungua isipofanya kazi, usisubiri asubuhi: piga 166 au 112 na uende hospitali Lakki. Kama amewahi kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa pumu, nitakushauri waziwazi usihamie kisiwa kidogo mpaka daktari wake aseme ndiyo.

Pesa. Mshahara wa chini uliowekwa Aprili 2025 ulikuwa euro 880 kwa mwezi kabla ya makato, nao hupitiwa upya kila mwaka, na hoteli zina mkataba wa pamoja wa kisekta ambao mara nyingi uko juu ya hapo. Mume wako aombe vitu vinne kabla ya kupanda meli: mkataba ulioandikwa saa na mshahara, uthibitisho kwamba ameandikishwa kwenye mfumo wa serikali wa ajira, ERGANI, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, mshahara kupitia benki, na maelezo ya chumba. Hicho "chumba kipo" karibu siku zote ni kitanda katika makazi ya wafanyakazi, labda watu wawili watatu kwa chumba. Si makazi ya mke na watoto. Mkipanga kwa kukitegemea, mtajikuta bandarini na mabegi.

Mshahara si ule wa mwezi tu. Kuna nyongeza ya Krismasi ambayo kwa kipindi kizima cha Mei hadi Desemba ni mshahara wa mwezi mmoja, kwa mfanyakazi wa msimu hupigwa hesabu kwa siku alizofanya. Kuna ya Pasaka, na posho ya likizo. Mwajiri akisema "vimo ndani ya mshahara", aonyeshe vilivyoandikwa kwenye karatasi ya malipo. Saa zinazoandikwa nane na kufanywa kumi na mbili ndio ugonjwa mkubwa wa msimu. Aandike mwenyewe saa zake kila siku kwenye daftari. Malalamiko hupokelewa kwa simu 1555.

Kisha Novemba. Hoteli zinafungwa, na hapo wengi huamini kwamba posho ya ukosefu wa kazi itawavusha. Mfanyakazi wa utalii anaweza kuipata kwa siku 100 za bima ndani ya miezi 12, lakini anayeiomba kwa mara ya kwanza maishani hutakiwa pia kuwa na siku za bima katika miaka iliyotangulia. Kama mumeo Athens alifanya kazi bila bima, majira ya baridi ya kwanza anaweza kukosa kabisa. Achapishe orodha ya siku zake za bima sasa, si Oktoba. Na ajiandikishe kama asiye na kazi mara tu mkataba ukiisha; muda wa kisheria ni siku 60. Kazi za baridi zipo, ila huzikuti kwenye tangazo: karakana za mashua za Partheni na Lakki, ambako boti za watalii hutolewa majini, kusuguliwa na kupakwa rangi (barakoa ya kweli ya vumbi, kwa sababu rangi ya chini ya mashua ni sumu, na nguo za kazi zisiingie chumba cha mtoto), ujenzi, kutunza wazee. Ninyi mnaojua Kiswahili, Kifaransa na pengine Kilingala, ulizeni pia kuhusu ukalimani. Mahitaji hupanda na kushuka kufuatana na boti zinazoleta wakimbizi na mikataba ya mashirika, msiijengee nyumba.

Gharama zina pande mbili. Leros ina kodi ya mauzo iliyopunguzwa, asilimia 17 badala ya 24, lakini usafirishaji hula faida hiyo, na mafuta ya gari ni ghali. Mtaokoa kwenye kodi ya nyumba na nauli za mjini. Mtatoa kwenye umeme wa baridi na tiketi za meli.

Chakula ndicho kitakachokushangaza kwa uzuri. Lengalenga ipo. Wagiriki wanaiita *vlita*, huuzwa kwa mafungu kiangazi chote na huota yenyewe pembeni mwa bustani. Wao huichemsha na kuimwagia mafuta ya zeituni na ndimu. Mbegu ukitupa kwenye ndoo ya udongo mwezi wa Aprili, Juni unavuna. Kunde ziko kila duka kwa jina la *mavromatika*, bamia ni *bamies*. Kwa sambaza, dagaa wetu wa Kivu, tafuta *atherina* au *marida* kwenye boti za wavuvi Panteli asubuhi. Wakaangie na unga hivyohivyo na vichwa vyao. Bugali hupikwa kwa unga wa mahindi wa njano, *kalampokalevro*, ambao peke yake hukatika. Changanya vikombe viwili vyake na kimoja cha *simigdali* laini, ya ngano, mwagia kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka, na uisonge dakika kumi zaidi kuliko ulivyozoea. Sombe (kisamvu) haipo. Hiyo hununuliwa iliyogandishwa kwenye maduka ya Kiafrika ya Kypseli, Athens, na jamaa anayekuja kwa meli ya usiku hubeba kwenye boksi la barafu. Hufika bado imeganda.

Shule isikutie hofu. Watoto wana haki ya kuandikishwa hata karatasi zikipungua. Kubwa ni kadi ya chanjo na cheti cha afya. Kwa kuwa wako tayari kwenye shule za Athens, uhamisho hufanywa na shule yenyewe kwa shule mpya, baada ya wewe kuonyesha uthibitisho wa makazi. Darasa la kisiwani ni dogo, na Kigiriki chao kitapita chako kabla ya Krismasi. Mweleze mwalimu pumu ya mdogo siku ya kwanza, na dawa yake ya kufungua kifua iwe mikononi mwa mtu mzima anayejulikana, si ndani ya begi.

Basi mfanyeje? Kuhama wote Aprili sikushauri: mtawakatiza watoto mwaka wa shule, na mtatafuta nyumba wakati kila chumba kinawekwa kwa watalii. Kuhama Juni ni vibaya zaidi. Mume aende peke yake Aprili. Ninyi mkae Athens mpaka msimu wa kwanza uonyeshe mwajiri ni mtu wa namna gani. Kabla hajaanza, kama mnaweza kulipa nauli, nendeni wawili Februari au Machi siku tatu, mkague nyumba na kipimo cha unyevu mfukoni, na mzungumze na mwenye nyumba juu ya mkataba wa kuanzia mwisho wa Agosti. Mkimpata, hamieni wiki ya mwisho ya Agosti, kabla walimu wapya hawajaanza kugombea nyumba zilezile. Shule hufunguliwa karibu na tarehe 11 Septemba. Msiiachie nyumba ya Athens mpaka mkataba wa Leros uwe umeandikishwa. Ni kweli mtalipa kodi mbili kwa wiki kadhaa na miezi minne ya kuishi mbalimbali si midogo. Ila familia iliyokosea Aprili hulipa zaidi.

Na ikiwa siku za bima hazitoshi, hakuna kazi ya baridi iliyoahidiwa na mtu mwenye jina, na nyumba pekee iliyopatikana ina chumvi ukutani, basi mwaka huu afanye msimu na arudi Oktoba. Leros itakuwepo mwakani.

Mkataba wa kazi na wa nyumba, kabla ya kusaini, uusome pamoja na mwanasheria wa shirika la bure la wakimbizi hapo Athens au mtu wa kituo cha wahamiaji cha manispaa. Peleka karatasi yenyewe, maana picha ya simu hukata ukurasa wa nyuma, na masharti ya kutolewa kwenye nyumba huandikwa huko. Orodha ya siku za bima mume aipeleke mwenyewe ofisi ya ajira, DYPA, akaulize jambo moja tu: nikifanya kazi Mei hadi Oktoba, Novemba nitalipwa au sitalipwa? Asiondoke na "mbeleni utaona".